Uuguzi wa Mgonjwa Kabla ya Kupasuliwa, Wakati wa Kupasuliwa, na Baada Yake

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mwanachama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bute



Mimi si daktari, wala si mwuguzi; kazi yangu ni kalamu na mafaili. Lakini katika miaka michache iliyopita nimekaa kando ya vitanda vya jamaa zangu wawili waliopasuliwa, nikaona kwa macho yangu mambo ambayo hapo kwanza sikuyajua. Niliwauliza wauguzi maswali mengi, nao kwa wema wao walinijibu, na kila nililoambiwa nililiandika katika kijitabu, kama ilivyo desturi ya karani. Kamati iliposikia habari hiyo iliniagiza niyapange maneno yale, niyasome hapa, kisha yatiwe katika ripoti ya mwaka, ili hata walioko malishoni wapate kusomewa.

Sisi watu wa Bute tunakaa mbali. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Wajir au Moyale, na akishindikana huko huendelea mpaka Garissa au Nairobi. Wakati wa mvua magari hunasa katika matope, na safari ya siku moja yaweza kuwa ya siku mbili. Kwa hiyo mgonjwa wetu anapofika mlangoni pa chumba cha upasuaji, mara nyingi amekwisha kuchoka, na jamaa zake wamekwisha kuingiwa na hofu. Katika hali hiyo ndipo makosa hutendeka, na makosa mengi si ya daktari. Ni yetu sisi tunaomsindikiza.

Watu wengi hudhani kwamba kupona kwa mgonjwa kumo katika kisu peke yake. Hilo si kweli. Kisu hufanya kazi saa moja, au mbili, au tatu. Uuguzi huanza kabla ya kisu, hukaa pamoja na kisu, na huendelea siku nyingi baada ya kisu kuoshwa na kurudishwa sandukuni. Anayefunga mzigo juu ya ngamia asubuhi ndiye anayeamua kama mzigo ule utafika jioni au utaanguka njiani. Na mwuguzi ndiye mfungaji wa mzigo huo.

MAMBO YALIYOTUTANGULIA

Yamkini wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni. Basi nawaomba msikilize habari hii. Mwaka 1879, katika kijiji cha Kahura, nchi ya Bunyoro iliyo Uganda ya leo, Mwingereza mmoja jina lake Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alimwona mpasuaji Mwafrika akimtoa mtoto tumboni mwa mama mchanga aliyeshindwa kuzaa. Kabla ya kumpasua alimnywesha pombe ya ndizi ili maumivu yapungue. Akanawa mikono yake kwa pombe ile, akaliosha tumbo la mama kwa hiyo hiyo, kisha kwa maji. Wasaidizi walimshika mama asitikisike. Mishipa iliyotoka damu ikaguswa kwa chuma cha moto. Mtoto alipokwisha kutolewa, mama aligeuzwa ubavu ili maji yote ya tumboni yamwagike, kidonda kikafungwa kwa sindano saba za chuma zilizong'arishwa vizuri na kuzungushiwa uzi, kikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Siku ya tatu sindano zilianza kutolewa, na siku ya sita zilikuwa zimekwisha. Felkin alikaa hapo mpaka siku ya kumi na moja, akaona kidonda kimefunga na mama ni mzima. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1884. Katika miaka hiyo, huko Ulaya kwenyewe, mama wengi waliopasuliwa namna hiyo walikufa.

Sisi kwa dini yetu hatunywi pombe, wala sikuja kuisifu. Ninalotaka mlitazame ni mpango wa kazi ile. Kabla: kutuliza maumivu na kuosha. Wakati: kumshika mgonjwa vizuri na kuzuia damu. Baada: kufunga, kufunika, kutazama kila siku, na kutoa nyuzi kidogo kidogo. Hayo ndiyo hayo yanayofundishwa leo katika vyuo vya wauguzi.

Kwa upande wa Wazungu, dawa ya usingizi ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Bibi Florence Nightingale alikwenda kuwauguza askari waliojeruhiwa vitani mwaka 1854, akaona kwamba uchafu wa wodi ulikuwa ukiua wengi kuliko majeraha, na mwaka 1860 akafungua chuo cha wauguzi London. Naye Joseph Lister, mwaka 1867, aliandika jinsi alivyoua vijidudu vya kidonda kwa dawa. Na katika nchi zetu hizi, mwaka 1957 wapasuaji watatu walianzisha shirika la madaktari wa ndege, ambalo leo twalijua kwa jina la AMREF, ili upasuaji uwafikie watu wakaao mbali na miji kama sisi.

KABLA YA KUPASULIWA

Sasa naingia katika jambo lenyewe, na nitaanza kwa kuungama kosa langu.

Baba yangu alikuwa na ngiri iliyomsumbua miaka mingi. Tulipompeleka hospitali, mwuguzi alituambia usiku kwamba mzee asile wala asinywe maziwa mpaka atoke chumba cha upasuaji. Alfajiri baba akaniambia, "Mwanangu, koo limekauka, nipe chai." Nilimwonea huruma. Nilikumbuka methali isemayo mgonjwa haulizwi uji, nikaona ni aibu mtoto mzima kumnyima baba yake kikombe cha chai. Nikamletea chai ya maziwa ya ngamia, tukaificha chini ya kitanda. Machela ilipokuja, mwuguzi alimwuliza baba kama amekula kitu. Baba hasemi uongo, akasema kweli. Upasuaji ukaahirishwa siku ile, na zamu nyingine ikapatikana baada ya siku nne. Kwa siku nne tulilipa malazi na chakula cha watu watatu kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai. Nilinung'unika sana, mpaka mwuguzi aliponikalisha kitako na kunieleza.

Akasema: mtu aliyelala kwa dawa hana nguvu ya kufunga koo lake. Tumbo likiwa na chakula, chakula hicho chaweza kupanda, kikaingia katika mapafu, na mtu akafa kwa kusongwa, au akapata ugonjwa mbaya wa kifua. Chakula chataka muda wa saa 6 kwa uchache kutoka tumboni, na chakula chenye mafuta mengi chataka saa 8. Maziwa, yawe ya ng'ombe, ya mbuzi au ya ngamia, yahesabiwe kuwa chakula. Na chai yenye maziwa ni maziwa. Maji matupu huruhusiwa mpaka saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, ila lazima mwuguzi mwenyewe aruhusu. Basi, wazee wangu, methali ile ya uji ni njema kwa kila mgonjwa, isipokuwa anayengoja kupasuliwa. Huyo aulizwe, na tena akiomba anyimwe kwa upole. Tena mkimpa kitu kwa bahati mbaya, msifiche, semeni. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko msiba.

Mambo mengine ambayo mwuguzi hufanya kabla ni haya:

Kwanza, humwuliza mgonjwa jina lake na kumfunga kitambulisho mkononi, na huuliza tena na tena hata mtu akachoka. Msikasirike. Mapema mwaka 2018 magazeti ya Kenya yalieleza habari ya hospitali moja kubwa ya Nairobi ambamo wagonjwa wawili walichanganywa, na kichwa kikapasuliwa cha yule asiyehitaji kupasuliwa. Kosa lilitambulika pale damu iliyoganda ilipotafutwa isionekane. Katika nchi yetu, ambamo katika wodi moja waweza kuwamo akina Mohamed Abdi watatu na akina Halima Hassan wawili, swali la jina si upuzi. Mgonjwa ataje majina yake matatu, na jamaa amsaidie kama hajui Kiswahili.

Pili, huuliza dawa anazotumia. Hapo twapaswa kutaja zote, hata miti shamba tuliyompa nyumbani, kwa maana ziko dawa zinazozidisha kutoka kwa damu na zinazogombana na dawa ya usingizi. Vile vile ataje kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru.

Tatu, hupima mapigo ya moyo, msukumo wa damu, joto la mwili, uzito, na wingi wa damu, na kujua damu yake ni ya kundi gani.

Nne, humwagiza aoge kwa sabuni. Nywele za mahali pa kupasuliwa hazinyolewi kwa wembe tena kama zamani, maana wembe huacha vijeraha vidogo ambamo vijidudu huingia. Zikiwa lazima kuondolewa hukatwa kwa mashine. Basi msimnyoe mgonjwa nyumbani kwa kudhani mnamsaidia.

Tano, huondoa pete, bangili, mikufu na meno ya bandia. Hirizi nayo huvuliwa, na jamaa aishike kwa heshima mpaka mgonjwa atoke. Na mama zetu nawaomba jambo moja juu ya hina. Mwuguzi hutazama rangi ya kucha ili ajue kama mgonjwa anapata hewa ya kutosha, na tena hubana chombo kidogo katika ncha ya kidole kipimacho hewa iliyo ndani ya damu. Hina nyeusi, au rangi ya kucha, yaweza kukizuia chombo hicho kisione. Mama aliyekaribia siku za kuzaa na aache japo vidole viwili bila kupakwa.

Sita, na hili ndilo kubwa, mwuguzi humtuliza moyo. Humweleza atakapopelekwa, atakayemwona, na jinsi atakavyojisikia akiamka. Humfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku ameshika tumbo kwa mto, ili ajue kufanya hivyo baadaye. Mtu aliyefahamishwa haogopi kama mtu aliyeburutwa.

JUU YA RUHUSA

Bwana Mwenyekiti, naomba nisimame hapa kidogo, kwa kuwa neno hili ni zito na linawahusu wazee.

Dada yangu alishikwa na uchungu wa uzazi, na mtoto akakwama. Tulifika hospitali usiku. Daktari alikuwapo, chumba kilikuwa tayari, mwuguzi amekwisha kushika karatasi. Sisi jamaa tukasema, "Tumngoje mumewe." Mumewe alikuwa mbali pamoja na ngamia, mahali pasipofika simu. Tukatafuta mzee wa ukoo badala yake, naye akataka kushauriana na wenzake. Dada yangu mwenyewe alikuwa na akili zake timamu, akisema, "Nipasueni." Hatukumsikiliza, tena alivyotuona tunasita, naye akaogopa kutia kidole. Saa tano zikapita. Alipopasuliwa yeye alipona, alhamdulillahi. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa mtoto wa kiume, mkubwa, asiye na ila yoyote.

Silaumu hospitali, wala simlaumu shemeji yangu, ambaye alikuwa kazini mwake. Najilaumu mimi niliyesoma, nikakaa kimya mbele ya wakubwa.

Baadaye niliisoma sheria. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yasema kwamba ruhusa ni ya mgonjwa mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoifahamu. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hutia sahihi yake mwenyewe, wala karatasi haihitaji sahihi ya mume, ya baba, wala ya mzee. Mgonjwa akiwa hajitambui, na kuchelewa kwaweza kumletea mauti au madhara yasiyotengenezeka, naye hakuwa amekataa, madaktari waweza kumtibu. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Lakini wazee wangu, sheria imeandikwa Nairobi, na mgonjwa yuko mbele yetu. Mwanamke wa hapa hatatia kidole chake kwa moyo mweupe kama ajua kwamba akirudi nyumbani ataulizwa kwa nini hakungoja. Neno la mzee lina nguvu kuliko karatasi. Kwa hiyo neno hilo na litangulie. Mume anayekwenda malishoni, naye mkewe ni mjamzito, na aseme mbele ya mashahidi kabla ya kuondoka: "Akihitaji kupasuliwa, apasuliwe, nami nimeridhia." Neno la nusu dakika laweza kuokoa roho mbili.

WAKATI WA KUPASULIWA

Jamaa hukaa nje, mlango umefungwa, na kila mtu ana mawazo yake. Naomba niwaambie wauguzi wanafanya nini mle ndani.

Mwuguzi mmoja amenawa mikono mpaka viwikoni, amevaa nguo na mipira ya mikono isiyo na vijidudu, naye ndiye anayempa mpasuaji vyombo. Mwingine huzunguka chumbani, huleta kinachohitajika na kuandika. Vyombo vyote vimepikwa kwa mvuke wenye nguvu katika joto la digrii 121 kwa dakika 15 au zaidi. Yuko na mwenye kazi ya dawa ya usingizi, asiyeondoka kichwani pa mgonjwa hata mara moja.

Wauguzi huhesabu. Huhesabu vitambaa vya shashi, sindano na mikasi kabla ya kuanza; huhesabu tena kabla ya tumbo kufungwa; na tena mwisho. Hesabu isipolingana, daktari haruhusiwi kuendelea mpaka kitu kile kipatikane. Sisi tunaohesabu kondoo jioni twaijua kazi hii na sababu yake.

Wauguzi pia ndio walinzi wa stara. Wazee wengine wameniuliza kama mke au binti huachwa wazi mbele ya wanaume. Nimeuliza, nikajibiwa kwamba mwili wote hufunikwa kwa nguo safi, na mahali pale tu pa kupasuliwa ndipo panapoachwa wazi. Kumfunika mgonjwa ni amri ya kazi yao, kwa ajili ya heshima, kwa ajili ya usafi, na kwa ajili ya kumkinga na baridi, kwa maana mtu aliyelala kwa dawa hupoteza joto upesi.

Liko jambo jingine la kujivunia kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja ya maswali 19 ya kuulizwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Maswali yenyewe ni mepesi. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Je, dawa ya kuzuia vijidudu amepewa? Je, damu ipo? Je, hesabu ya vitambaa imetimia? Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, miongoni mwake London, Toronto, na Ifakara katika Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kabla ya karatasi, katika kila wagonjwa 1,000 walikufa 15. Baada yake walikufa 8. Madhara mengine yalishuka kutoka 11 katika kila 100 hadi 7. Hakikununuliwa chombo kikubwa, wala hakikuvumbuliwa kisu kipya. Watu walisimama kitambo wakaulizana. Haraka haraka haina baraka.

BAADA YA KUPASULIWA

Mgonjwa akitoka, jamaa humkimbilia wakitaka kumwamsha, kumnywesha na kumpa salamu za nyumbani. Tafadhali tujizuie. Saa ya kwanza ni saa ya hatari. Mwuguzi humlaza ubavu ili ulimi usizibe koo na matapishi yasiingie kifuani. Kila dakika 15 humpima mapigo, msukumo wa damu na pumzi, kisha kila nusu saa akiendelea vema. Akiona mapigo yanakwenda mbio, msukumo unashuka, ngozi ni baridi yenye jasho na midomo imepauka, ajua kwamba huenda damu inavuja ndani, hata kama bandeji ni kavu. Hutazama na mkojo: mtu mzima asiyetoa mililita 30 hivi kwa saa huhitaji kuangaliwa upesi. Kwa hiyo msimwage mkojo wa mgonjwa kabla haujapimwa.

Juu ya maumivu: watu wetu wamelelewa kuvumilia, na mwanamume huona haya kusema anaumwa. Lakini mtu mwenye maumivu havuti pumzi ndefu, hakohoi, wala hageuki kitandani. Na hapo kifua hupata ugonjwa, na damu huganda miguuni. Mgonjwa aseme. Kuomba dawa si unyonge.

Juu ya kutembea: siku ya pili, au hata siku ile ile, mwuguzi aweza kumwinua mgonjwa. Jamaa hulia, "Mnamwua!" Sivyo. Kutembea taratibu huamsha matumbo, hufungua kifua, na huzuia damu isigande.

Juu ya kidonda: bandeji ya kwanza isifunguliwe kwa muda wa siku 2 ila kwa amri ya mwuguzi. Kisitiwe samli, majivu, asali, wala unga wa mti. Tena ile desturi yetu ya kumchoma mgonjwa kwa moto karibu na maumivu na isifanywe kabisa kwa mtu aliyepasuliwa. Itamwongezea kidonda juu ya kidonda. Nyuzi huondolewa baada ya siku 7 hadi 14 kwa kadiri ya mahali penyewe. Hapo ndipo wengi wetu hukosea, kwa kuwa mgonjwa amerudi boma, njia ni ndefu, na nyuzi hukaa mpaka nyama ikazizunguka.

Dalili za hatari ni hizi: joto la mwili, wekundu unaoenea, uvimbe, usaha, harufu mbaya, kidonda kufunguka, tumbo kujaa na kuwa gumu, au mguu mmoja kuvimba. Dalili hizo zaweza kutokea hata baada ya siku 30. Akiwa na moja, arudishwe hospitali bila kungoja nyingine.

Juu ya kazi: aliyepasuliwa tumbo, awe mama aliyezaa kwa kupasuliwa au mzee mwenye ngiri, asibebe mizigo mizito kwa muda wa wiki 6 hivi. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mama akirudi nyumbani leo, na kesho akatumwa kisimani, mshono utafunguka ndani. Nasi tutasema kwamba daktari hakushona vizuri. Na mama aliyepasuliwa mara moja azae mtoto anayefuata hospitalini, wala si nyumbani.

JUU YA DAMU

Upasuaji mwingi hushindikana kwa kukosa damu. Bomu lilipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, likaua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu, nchi iliona jinsi akiba yake ilivyokuwa ndogo, na kutoka hapo serikali ikaanzisha huduma ya damu ya taifa. Lakini chupa ya damu haioti ghalani. Lazima itoke katika mkono wa mtu. Mtu mzima mwenye afya, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa mililita 450 hivi, na mwili huirudisha. Mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4. Wako wanaosema kwamba atoaye damu hupoteza nguvu za maisha. Nimetoa mara nne, na mwenye shaka na atazame kama nimepungua.

MAPENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, Mweka Hazina ametusomea hesabu, nasi sote tumesikia kwamba fungu kubwa la michango yetu mwaka huu lilikwenda kwa mazishi. Kuzika ni wajibu, wala sisemi tuache. Lakini chama kinachotoa fedha upesi mtu akiisha kufa, na polepole angali hai, kinafanya kazi nusu. Kwa hiyo naweka mbele ya mkutano maneno manne:

1. Litengwe fungu la gari na mafuta kwa mgonjwa wa dharura, litolewe kwa sahihi za watu wawili usiku ule ule, bila kungoja kikao.

2. Iandikwe orodha ya wanachama walio tayari kutoa damu, pamoja na kundi la damu la kila mmoja, na nakala iwekwe kwa Katibu.

3. Kila anayemsindikiza mgonjwa asomewe kwanza hotuba hii, hasa habari ya chai ya baba yangu.

4. Wazee wetu watangaze mbele ya watu, kwa Kiborana na kwa Kisomali, kwamba mwanamke aliyekwama katika uzazi asingojewe ruhusa ya mtu aliye mbali.

Neno la nne ndilo ninaloliomba zaidi ya yote. Mengine matatu yanahitaji fedha au wino. Hili lahitaji vinywa vyenu tu. Baba yangu leo anatembea mpaka msikitini bila mkongojo, na watu humwuliza ni daktari gani aliyemponya. Yeye huwajibu kwamba daktari alimshona, lakini aliyemponya ni yule binti aliyekataa kumpa chai. Nami nimemwahidi dada yangu kwamba habari ya mtoto wake nitaisema hadharani mara moja, mahali ambapo wenye neno wapo wakisikia. Leo nimeisema.

Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza.